Mwaka Mmoja Miguuni pa Neno: Maisha ya Kila Siku ya Vijana wa Kiyahudi Wanaosoma Yerusalemu

Katika Injili ya Luka tunasoma kwamba Yesu, akiwa na umri wa miaka kumi na miwili, alibaki Yerusalemu baada ya sikukuu ya Pasaka, na wazazi wake wakamkuta hekaluni siku ya tatu, ameketi kati ya walimu. Tunapolitafakari tukio hili katika tendo la tano la furaha la Rozari Takatifu, mara nyingi tunakaza macho kwenye uchungu wa Mama Maria na kwenye jibu la Mwanae. Hatuangalii sana kile ambacho Mtoto alikuwa akifanya. Mwinjili anaeleza kwamba alikuwa akiwasikiliza walimu na kuwauliza maswali (rej. Lk 2:46). Aliketi kama mwanafunzi wa Kiyahudi anavyoketi.

Namna hiyo ya kuketi haikuangamia pamoja na hekalu. Kila mwaka, mwishoni mwa Agosti na mwanzoni mwa Septemba, maelfu ya vijana wa Kiyahudi wenye umri wa miaka 18 au 19 huwasili Israeli kutoka Marekani, Kanada, Uingereza, Ufaransa, Australia na Afrika Kusini. Wamemaliza masomo ya sekondari, na wengi wao wamekwisha kupata nafasi katika chuo kikuu, lakini wanaiahirisha kwa mwaka mmoja. Kwa Kiebrania mwaka huo huitwa shana baaretsi, yaani mwaka katika Nchi. Tunapenda katika makala hii kueleza jinsi vijana hao wanavyoishi siku kwa siku, na sababu za sisi Wakatoliki kujishughulisha na habari hiyo.

Sababu ya kwanza tuitaje mapema. Waamini wetu wengi wanamfahamu Myahudi kwa njia ya masomo ya Misa tu. Wanasikia habari za Mafarisayo, za waandishi, na za umati uliopiga kelele mbele ya Pilato, kisha wanadhani kwamba historia ya taifa hilo iliishia hapo. Mhubiri asiyemfahamu Myahudi aliye hai ni rahisi kumsema vibaya Myahudi wa Injili, na waamini wakimsikiliza mwaka baada ya mwaka, wanajifunza dharau wakidhani wamejifunza imani.

Nyumba ya kusomea yenye kelele

Njia za kuutumia mwaka huo ni nyingi. Wapo vijana wasioshika sana dini, ambao huja kujifunza Kiebrania, kufanya kazi katika vijiji vya ushirika viitwavyo kibutsi, au kujitolea katika magari ya wagonjwa ya Magen David Adom, chama kinachofanya kazi kama ya Msalaba Mwekundu. Hata hivyo, kwa familia zinazoshika Torati kwa makini, mwaka huo humaanisha kwanza kabisa yeshiva, yaani chuo cha masomo matakatifu kwa wavulana, au midrasha, chuo cha namna hiyo kwa wasichana. Hao ndio tutakaowafuata.

Siku ya mvulana wa yeshiva huanza kwa sala ya asubuhi, kwa kawaida kati ya saa moja na saa mbili. Siku zisizo za Sabato wala sikukuu hufunga mkononi na kwenye paji la uso visanduku vidogo vya ngozi vyenye maneno ya Torati, viitwavyo tefilini, kwa kutii agizo la Kumbukumbu la Torati (rej. Kum 6:8). Baada ya kifungua kinywa huingia katika ukumbi mkuu wa kusomea, nao ndio moyo wa chuo. Atakaa humo hadi mchana, atatoka kwa chakula na mapumziko mafupi, atarudi alasiri kwa masomo ya Biblia, sheria na maadili, na baada ya chakula cha jioni atarudi tena kwa kipindi cha usiku. Sala ya alasiri na sala ya usiku huigawa siku hiyo kama vile Masifu ya Asubuhi na Masifu ya Jioni yanavyoigawa siku ya watawa wetu. Si ajabu kuona taa za ukumbi zikiwaka hata saa sita ya usiku.

Sisi tuliolelewa seminarini tulizoea maktaba ambamo hata kikohozi kilionekana kosa. Anayeingia katika ukumbi wa yeshiva hukutana na kinyume chake. Vijana mia moja au zaidi wanasoma kwa sauti wote kwa wakati mmoja. Wanabishana, wanapiga meza kwa vidole, wanasimama kwenda kutoa kitabu rafuni, wanarudi na hoja mpya. Vikombe vya kahawa vimesimama kandokando ya vitabu vikubwa. Kitabu kitakatifu kikianguka sakafuni, aliyekiangusha hukiokota na kukibusu. Kikichakaa hakitupwi jalalani, bali huwekwa kando na hatimaye huzikwa ardhini kwa heshima.

Kelele hizo zina utaratibu wake. Vijana husoma wawili wawili, na mwenzi wa kusoma naye huitwa havruta, neno la Kiaramu lenye maana ya urafiki na ushirika. Mmoja husoma mstari na kuufafanua, naye mwenzake ana wajibu wa kuuliza, kupinga na kudai ushahidi. Wakikwama, humwendea mwalimu aliyeketi humo ukumbini. Baadaye mwalimu huyo hutoa somo juu ya mistari ileile ambayo wamekwisha kuihangaikia wenyewe. Kwa hiyo mwanafunzi hafiki mbele ya mwalimu akiwa mtupu. Anakuja na maswali yake mkononi.

Joho moja, watu wawili

Kitabu kinachochukua sehemu kubwa ya siku ni Talmudi ya Babeli. Msingi wake ni Mishna, mkusanyo wa mapokeo ya sheria uliopangwa na Rabi Yehuda Hanasi karibu na mwaka 200 baada ya Kristo. Juu ya msingi huo yakajengwa mabishano ya vizazi kadhaa vya walimu waliofuata, kwa lugha ya Kiaramu. Talmudi ina juzuu 37 na majani zaidi ya 2,700 ya pande mbili. Anayesoma jani moja kila siku, kwa mpango ulioanzishwa mwaka 1923 na Rabi Meir Shapiro, huimaliza yote kwa muda wa miaka saba na nusu. Lakini kijana wa yeshiva haendi kwa kasi hiyo. Asubuhi nzima yaweza kuishia kwenye mistari michache.

Tuchukue mfano mmoja ambao wengi wao huanza nao. Watu wawili wanafika mbele ya mahakama wakiwa wameshika joho moja. Huyu anasema lote ni lake, na yule anasema lote ni lake. Mishna inaamua kwamba kila mmoja aape kuwa sehemu yake katika joho hilo haipungui nusu, kisha waligawane. Hapo havruta inaanza kazi. Kwa nini kiapo kiwe na maneno hayo yanayozunguka? Mbona mtu asiape tu kwamba lote ni lake? Talmudi inajibu kwamba haitakuwa heshima kwa mahakama kumpa nusu mtu aliyeapa kuwa lote ni lake. Basi kwa nini asiape kwamba nusu ni yake? Kwa sababu hapo atakuwa ameyakana maneno yake mwenyewe ya mwanzo. Na je, kwa nini kuwe na kiapo chochote? Kila swali linazaa lingine, na vijana wawili wanatambua kidogo kidogo kwamba hawabishani juu ya nguo. Wanatafuta namna ya kutenda haki pale ambapo ukweli umefichika na mmoja kati ya wawili huenda anasema uongo.

Ukurasa wenyewe umepangwa kama baraza. Katikati ni maandishi ya Talmudi. Upande wa ndani ni maelezo ya Rashi, mwalimu wa Troyes huko Ufaransa aliyefariki mwaka 1105. Upande wa nje ni maelezo ya wale waliomfuata, ambao mara nyingi wanampinga. Hapa kuna jambo ambalo sisi Wakatoliki tunapaswa kulijua. Aliyechapa kwa mara ya kwanza Talmudi ya Babeli nzima, na kuipa mpangilio wa kurasa unaofuatwa mpaka leo, alikuwa Mkristo, Daniel Bomberg wa Antwerp, aliyefanya kazi hiyo mjini Venezia kati ya mwaka 1520 na 1523, kwa idhini ya Papa Leo X. Na miaka thelathini tu baadaye, mwezi Septemba 1553, Talmudi ilichomwa moto hadharani katika uwanja wa Campo de' Fiori mjini Roma, kwa amri ya viongozi wa Kanisa hilohilo. Kabla ya hapo ilikwisha kuchomwa Paris, katika karne ya 13. Kijana anayefungua kitabu hicho leo asubuhi anazijua habari zote mbili. Ni vema nasi tuzijue.

Kwa wasichana historia ni ya karibu zaidi. Kwa karne nyingi mafundisho yao yalitolewa nyumbani. Mwaka 1917, mjini Kraków, mshonaji wa nguo aitwaye Sarah Schenirer alianzisha shule ya wasichana iliyozaa mtandao mkubwa wa shule za Beit Yaakov. Katika nusu ya pili ya karne ya 20 vikafunguliwa Yerusalemu vyuo ambavyo wanawake husoma humo Talmudi kwa havruta kama wanaume. Mojawapo ni kile kilichoanza mwaka 1976 na kujulikana leo kama Midreshet Lindenbaum. Si jumuiya zote za Kiyahudi zinazokubaliana juu ya jambo hili, na midrasha nyingi hukazia zaidi Biblia, sala na maadili.

Jikoni, sokoni na mezani

Kijana huyu si malaika. Anashirikiana chumba cha bweni na wenzake, anafua nguo zake mwenyewe pengine kwa mara ya kwanza, na analalamikia chakula cha chuo kama tulivyolalamikia maharage ya seminari. Jikoni mna vyombo vya aina mbili visivyochanganywa, vya nyama na vya maziwa, kwa kufuata tafsiri ya Wayahudi ya agizo la kutompika mwanambuzi katika maziwa ya mama yake (rej. Kut 23:19). Aliyekula nyama mchana hatatia maziwa katika chai yake mpaka saa kadhaa zipite. Wapo wanaolemewa na upweke na kutamani nyumbani. Wapo pia wanaogundua kwamba hakuna mzazi wa kuwaamsha, wakalala hadi saa nne, na kuupoteza mwaka mitaani. Aidha gharama ni kubwa, na si kila familia inaweza kuzilipa. Mpango uitwao Masa, ulioanzishwa mwaka 2004 na serikali ya Israeli pamoja na Shirika la Kiyahudi, hutoa misaada kwa baadhi yao.

Kalenda yao yote inaongozwa na sala. Wengi hufika karibu na mwanzo wa Eluli, mwezi wa toba unaotangulia Mwaka Mpya wa Kiyahudi, ambapo pembe ya kondoo hupigwa asubuhi baada ya sala ili kuamsha dhamiri. Siku ya Upatanisho barabara za Yerusalemu huwa tupu, bila magari. Kisha inafuata sikukuu ya Vibanda, ambapo wanafunzi hula chakula chao nje, chini ya paa la matawi.

Lakini mwalimu mkuu kuliko wote ni Sabato. Ijumaa mchana soko la Mahane Yehuda hufurika watu wanaonunua mikate na matunda. Usafiri wa mabasi husimama, king'ora hulia kutangaza kwamba saa imefika, na mishumaa huwashwa kabla ya jua kuzama. Wanafunzi wengi hualikwa katika nyumba za familia, na mara nyingine familia hizo hazijawahi kuwaona. Mezani kuna mikate miwili, kumbukumbu ya posho maradufu ya mana jangwani (rej. Kut 16:22). Mwenye nyumba hubariki divai, watu wanaimba kati ya chakula na chakula, mtoto anaulizwa amejifunza nini juma hili. Simu zimezimwa kwa muda wa saa zaidi ya ishirini na nne. Nyota tatu zikionekana Jumamosi jioni, siku inaagwa kwa divai, manukato na mshumaa uliosukwa. Kijana aliyekulia katika nyumba ambamo kila mtu anakula na simu yake husema baadaye kwamba meza hiyo ya wageni ndiyo iliyomfundisha zaidi.

Majeraha ya mwaka huo

Tusiupambe mwaka huu kupita kiasi. Mtihani wake mgumu kwa kawaida huja mwezi Juni, kijana anaporudi kwao. Mara nyingi anarudi mkali zaidi katika kushika sheria kuliko wazazi waliomlipia. Anakagua jiko la mama yake, anakataa sahani alizokulia tangu utoto. Marabi wengi huwaonya wanafunzi wao kabla ya safari kwamba amri ya kuwaheshimu baba na mama, ambayo sisi tunaihesabu ya nne na wao ya tano, haikufutwa na elimu waliyoipata. Mapadre tunalijua jeraha hili, kwa maana tumewaona vijana wakirudi kutoka katika semina za kiroho wakiwahukumu wazazi wao wanaosali Rozari kimyakimya kila jioni.

Jeraha lingine ni la nchi yenyewe. Katika Mji wa Kale wa Yerusalemu, mwendo kutoka yeshiva zilizo karibu na Ukuta wa Magharibi hadi Kanisa la Kaburi Takatifu ni wa dakika chache tu. Hata hivyo, kijana wa Kiyahudi kutoka Marekani na kijana Mkristo wa Kipalestina wa mji huohuo wanaweza kumaliza mwaka mzima bila kusalimiana. Tarehe 7 Oktoba 2023, siku ileile ya kufunga majira ya sikukuu ya Vibanda, mashambulizi ya Hamas yaliua watu wapatao 1,200 kusini mwa Israeli. Baadhi ya wanafunzi walirejea makwao; wengine walibaki, wakaenda mashambani kuvuna mazao yaliyokosa wavunaji. Katika mashamba ya eneo hilohilo walikuwapo vijana wetu. Watanzania wawili waliokwenda Israeli kujifunza kilimo waliuawa siku hiyo. Vita iliyofuata iliua makumi ya maelfu ya watu Gaza, watoto wengi miongoni mwao, na Papa Fransisko alikuwa akiipigia simu parokia ndogo ya Familia Takatifu mjini humo karibu kila jioni. Hatuwezi kuzungumzia vijana wanaosoma Yerusalemu kana kwamba damu hiyo haikumwagika. Anayewaombea wanafunzi hao na awaombee pia majirani zao.

Mintarafu maisha yetu

Tarehe 28 Oktoba 1965 Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Tamko Nostra Aetate namba 4, ulifundisha kwamba mateso ya Kristo hayawezi kuhesabiwa kuwa kosa la Wayahudi wote waliokuwa hai wakati ule, wala la Wayahudi wa leo. Na ukahimiza pande zote mbili zifahamiane kwa njia ya masomo na mazungumzo ya kidugu. Mtume Paulo alikwisha kuwaeleza Warumi kwamba Mungu hazitangui karama zake wala mwito wake (rej. Rum 11:29). Mtakatifu Yohane Paulo II aliingia katika sinagogi kuu la Roma tarehe 13 Aprili 1986, na tarehe 26 Machi 2000 aliweka kwa mkono wake karatasi yenye sala ya kuomba msamaha katika Ukuta wa Magharibi. Wanafunzi wa yeshiva huenda kusali kwenye ukuta huohuo.

Kuwafahamu hakumaanishi kuwaiga kwa mavazi, wala kupiga pembe zao katika ibada zetu kama yanavyofanya baadhi ya makundi siku hizi. Hayo ni mali ya imani yao na yanastahili heshima. Sisi tunakiri kwamba Neno alifanyika mwili, na ukiri huo ndio unaotutofautisha nao. Lakini ukiri huohuo unatudai swali: ikiwa kijana wa Kiyahudi anaweza kuahirisha chuo kikuu kwa mwaka mzima ili alisome Neno, bila cheti wala ahadi ya ajira, sisi tunalipa Neno muda gani?

Nchini mwetu, kati ya mtihani wa kidato cha sita na kufunguliwa kwa vyuo vikuu kuna miezi kadhaa. Wapo wanaokwenda Jeshi la Kujenga Taifa. Wengine hubaki nyumbani wakingoja. Wazazi huwatafutia kozi ya kompyuta au kazi ya dukani, na ni vema. Ni wachache wanaofikiri kwamba kipindi hicho chaweza pia kuwa cha Mungu.

Hatupendekezi mradi mkubwa. Tunawaomba maparoko wafungue chumba kimoja cha parokia mara mbili kwa juma katika miezi hiyo, na vijana waketi wawili wawili na Injili ya Marko, ambayo ina sura 16 tu. Mmoja asome kwa sauti, mwenzake aulize kila anachotaka kuuliza, na pasiwe na swali la aibu. Wakikwama, wamfuate padre au katekista wakiwa na swali lao tayari. Nasi mapadre tujiandae, kwa maana tutaulizwa mambo ambayo hatukuulizwa hata siku ya mitihani ya seminari.

Wayahudi wanapomaliza juzuu moja ya Talmudi hufanya karamu ndogo, na katika sala yao huiahidi juzuu hiyo kwamba watairudia. Vijana wetu wakifika mwisho wa Injili ya Marko, nao wafanye hivyo: wale pamoja, wamshukuru Mungu, kisha warudi sura ya kwanza.